Sekunde Thelathini za Ukimya

Fundi sauti alikwenda kukataa. Hilo alikuwa ameshaliamua nyumbani, na kalamu aliitia mkobani kwa adabu tu. Angeitazama hiyo video, angesema hapana, angerudi kabla giza halijaingia.

Jua lilikuwa limeegemea paa la nyumba ile alipofika. Alipitia uani kwa makusudi. Nyuma, waashi walikuwa wamebomoa ukuta wa stoo, na tundu lilikuwa kubwa kiasi cha kupita ng'ombe. Akachungulia. Vumbi. Rafu moja. Mlango wa kuingilia ndani ya nyumba, komeo limetiwa. Hapakuwa na mtu.

Vizuri, alijiambia. Sasa najua.

Mwongozaji alikuwa ukumbini, mbele ya mlango huohuo wa stoo, amekalia ndoo iliyopinduliwa. Kompyuta yake ndogo ilikuwa juu ya debe la rangi.

"Karibu, fundi. Mbona umekonda?"

"Nyama zangu zote umechukua wewe."

Mwongozaji alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Yalikuwa yanampima.

Miaka mitatu nyuma, mtu huyu alimtuma mpigapicha aingie nyumba hii peke yake, ajirekodi kama mtu anayewindwa na mizimu. Mpigapicha aliingia. Hakutoka. Ilipatikana kamera yake tu sakafuni, na mwongozaji akaziunga picha zile zikawa filamu. Watu walipiga mayowe kwenye kumbi za sinema, kisha wakapiga makofi. Walisema kupotea kwake ni tangazo tu, yule kijana anakula raha mahali. Mwongozaji hakukanusha hata siku moja.

Mpigapicha alikuwa ndugu yake fundi sauti. Pacha wake. Walizaliwa wakipishana dakika chache, na hawakuwahi kukubaliana nani alitangulia. Yeye alimwita Kibiriti, kwa sababu ya kichwa kikubwa juu ya mwili mwembamba. Kibiriti naye alimwita Pacha. Basi. Hakumwita kitu kingine maisha yake yote.

Na sasa mwongozaji alitaka sehemu ya pili. Waashi walikuwa wameokota kamera nyingine, ndogo kama kipande cha sabuni, imeangukia kwenye ufa nyuma ya rafu ya stoo. Picha zilikuwa nzima. Bila sahihi ya ndugu, hakuna ukumbi ambao ungezionyesha.

"Nitajuaje kama si uongo wako?" fundi sauti aliuliza.

"Tazama kwanza. Vaa hizo."

Akavaa vipokea sauti. Mwongozaji akavaa vingine.

Kibiriti alitokea kwenye kioo cha kompyuta.

Shati lilelile la kijivu. Kichwa kilekile. Aliiweka kamera kwenye rafu, akafunga mlango, akatia komeo. Akapiga kofi moja mbele ya kamera, kama wapigavyo watu wa kazi ile ili sauti na picha zije kuoanishwa.

"Ukimya wa stoo," alisema. "Sekunde thelathini."



Hapo ndipo fundi sauti alipojua si uongo. Kila chumba kina ukimya wake. Yeye ndiye aliyemfundisha hivyo. Usitoke chumbani kabla hujaurekodi, alimwambia, kwa sababu siku ya kuunga picha utahitaji kuziba mapengo. Mwongozaji alichukia sana jambo hilo. Alisema ni kumaliza betri bure. Asingeweza kulitunga.

Kibiriti alisimama, macho amefumba, akihesabu kwa vidole.

Kumi.

Kumi na tano.

Kumi na tisa…

Ngo. Ngo. Ngo.

Mtu alibisha upande wa pili wa mlango. Kibiriti akafumbua macho. Kisha sauti ya mwanamke, kali, yenye hasira:

"Kibiriti!"

Fundi sauti alivivua vipokea sauti kana kwamba vimemuunguza.

"Umemlipa nani?" alinong'ona. "Jina hilo umelitoa wapi?"

Mwongozaji hakusimamisha video. Alikuwa anamtazama yeye, si kioo.

"Mimi ndiye wa kukuuliza. Sauti hiyo ni ya nani?"

"Sijui."

"Nimeisikiliza wiki tatu, fundi. Ni yako."

"Siku ile nilikuwa kazini! Mbele ya watu mia!"

"Haya, kana tena. Kana vizuri, nikuone."

Hapo akakiona. Nyuma ya debe la rangi, chini kabisa, kitaa chekundu kidogo kama jicho la panya. Kamera. Alikuwa anarekodiwa tangu aingie. Kumbe hakuitwa kutia sahihi. Ameitwa kukiri. Au yeye mwenyewe ndiye sehemu ya pili.

Damu ilimpanda. Lote hilo ni mchezo! Picha ni za kweli, sawa, lakini sauti imepachikwa, na yule anayeigiza sauti yake yumo humo stoo, ameingilia kwenye tundu la nyuma, anasubiri zamu yake. Jina wamelitoa kwenye simu ya marehemu… akajikatiza. Si marehemu. Hajafa mtu.

Aliinuka. Akaubisha mlango kwa ngumi.

Ngo. Ngo. Ngo.

"Kibiriti!" alifoka, akimkejeli aliyejificha. "Si ndiyo jina mnalolipenda? Fungua basi! Najua upo humo!"

Funguo za nyumbani zikamponyoka mkononi. Zikalia kwenye saruji.

"Alaa!" alisema, akainama kuziokota.

Nyuma yake, ndoo ilianguka.

Mwongozaji alikuwa amesimama, vipokea sauti bado masikioni. Uso wake ulikuwa umekauka kama unga.

"Funguo," alisema. "Wiki tatu nilikuwa najiuliza ule mlio ni wa nini."

"Unasema nini?"

"Zimo humu. Maneno yako yote yamo humu. Hata hiyo alaa." Akainua kiganja. "Nyamaza, fundi. Nakuomba, usiseme tena kitu."

"Baada ya hapo anafanya nini?"

Mwongozaji aliutazama mlango.

"Bosi. Kibiriti anafanya nini?"

"Anacheka," mwongozaji alinong'ona. "Anasema, Pacha, umefuata nini huku? Halafu anafungua."

Upande wa pili wa mlango, mtu alicheka.

Si kicheko kikubwa. Kile cha puani, cha mtu aliyefurahi na hataki ijulikane.

"Pacha? Umefuata nini huku?"

Komeo likasogea.

Fundi sauti angeweza kukimbia. Angeweza pia kuushika mlango. Hakufanya hata moja, kwa sababu miaka mitatu alikuwa ameomba kitu kimoja tu, na kitu hicho kilikuwa kinafungua mlango.

Mlango ukafunguka.

Vumbi. Rafu. Tundu la ukutani, na nyuma yake anga lililoiva wekundu. Hapakuwa na mtu. Lakini hewa ilipita begani kwake, yenye uvuguvugu, yenye harufu ya shati lililoloa mvua siku nyingi na kukaukia gizani. Ikapita pia mbele ya mwongozaji, naye akajibana ukutani kama anayempisha mtu. Mlango wa mbele ukajifunga taratibu.

Mtu alikuwa ametoka.

Filamu haikutengenezwa. Baada ya siku chache mwongozaji alimpelekea bahasha yenye kadi zote mbili za kamera, ya stoo na ya kile kitaa chekundu. Hakuandika neno. Kazini, fundi sauti alizilaza sauti zile mbili moja juu ya nyingine. Ngumi tatu. Jina. Funguo. Alaa. Mistari ya sauti ilikaa pamoja kama viganja viwili.

Basi ni yeye aliyemwita. Hilo alilikubali, akalilia, akalala nalo. Kibiriti alifungua mlango kwa sababu alisikia sauti ya ndugu yake. Aliyaendea maneno ambayo yalikuwa hayajasemwa bado.

Kilichobaki ni kujua alitokea wapi baada ya kupita mlango ule.

Ndiyo maana kila jioni sasa, akirudi kazini, hurekodi sekunde thelathini za ukimya wa chumba chake, kisha husikiliza. Siku nyingi ni friji tu na pumzi zake.

Juzi, kwenye sekunde ya kumi na tisa, mlango ulibishwa.

Ngo. Ngo. Ngo.

Na sauti ya Kibiriti, ya upole, karibu sana:

"Dada, nimefika. Nifungulie."

Aliisikiliza mara tatu. Machozi yalimtoka kwa furaha. Alikuwa ameshafika mlangoni, mkono juu ya kitasa, ndipo alipokiachia.

*Dada?*

Jana sauti ile haikuwemo kwenye rekodi. Ilikuwa mlangoni kabisa. Yeye alikuwa amesimama upande wa ndani, funguo amezikamata zote kwa kiganja, zisilie.