Mguu wa Nyundo

Duka la jezi lilikuwa limefurika hadi mlangoni. Jezi mpya zilikuwa zimefika asubuhi ile, ligi ilikuwa karibu kuanza, na kila aliyeingia alitaka kuhudumiwa kabla ya mwenzake. Katikati ya msukumano huo alisimama mwanamke mmoja mwenye gauni la rangi ya maziwa na raba nyeupe, ameshika jezi kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota kitu asichokijua.

"Samahani dada," alisema mwanamume aliyekuwa nyuma yake. "Hiyo ni ya msimu uliopita."

"Zina tofauti gani?"

Mwanamume alimtazama usoni aone kama anatania. Hakuwa anatania.

"Hiyo tumefungwa nayo fainali. Hii hapa haijafungwa na mtu."

Mwanamke akacheka. "Basi nipe ambayo haijafungwa. Ni ya baba yangu. Kaniambia nikikosea nisirudi nyumbani."

"Baba yako ni mtu wa maana."

"Na mimi?"

"Wewe bado mgeni. Tutakuangalia kwanza."

Jina likamkaa hapo hapo, Mgeni. Naye, kwa jinsi mwanamume yule alivyomweleza habari za timu mpaka foleni ikaisha, akambatiza Kocha. Hakuwa kocha wa kitu chochote. Alikuwa fundi wa friji, mrefu, mwenye mikono iliyochubuka kwa kazi na shati lililonyooshwa vizuri mno kwa mtu wa spana na bisibisi. Aliomba namba ya simu ili amtumie ratiba ya mechi. Mgeni alijua fika kwamba ratiba imebandikwa mlangoni mwa duka, lakini namba akatoa.

Simu zikaanza. Kocha alikuwa akipiga jioni akitoka kazini, naye Mgeni akipokea huku anapika, simu ameibana kwa bega.

"Kocha, hebu niambie," alimwuliza siku moja. "Mtu mzima na akili zako, unakosaje usingizi kwa ajili ya watu wasiokujua?"

"Unataka jibu la kweli au la kukufurahisha?"

"La kweli."

"Mimi napenda majuma haya kabla ya ligi kuliko ligi yenyewe. Hatujafungwa, hatujatoka sare, beki mpya hatujui kama ni mzuri au tumeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kila kitu bado kinawezekana. Naamka na furaha, nalala na wasiwasi, na sijapoteza chochote."

"Yaani unafurahia kutojua."

"Nafurahia kutarajia. Kutojua kunaniua."

Mgeni alicheka, lakini maneno yale yalimkaa. Kazi yake mwenyewe ilikuwa kinyume cha hayo. Alikuwa mpiga eksirei hospitalini, na kila siku aliwaona watu kabla hawajajijua wenyewe: mfupa uliopasuka, kifua chenye doa. Alijua, akanyamaza, akapeleka picha kwa daktari. Alikuwa amemwambia Kocha tu kwamba anafanya kazi hospitali. Idara hakuitaja, wala Kocha hakuuliza. Kwa namna fulani hilo lilimuuma kidogo. Mwanamume huyu alijua kimo cha kila mchezaji, ila hakuwa amemwuliza yeye anafanya nini kutwa nzima.

Kisha ikaja mechi ya kirafiki, ile ya mwisho kabla ya ligi. Mshambuliaji wao, ambaye mashabiki walimwita Nyundo kwa nguvu ya mguu wake wa kulia, alikanyagwa, akaanguka, akatolewa kwa machela huku amejifunika uso kwa jezi. Klabu haikusema lolote.

"Mpenzi, sijala," Kocha alisema kwenye simu kesho yake. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, na wala hakugundua kwamba amesema. "Bila Nyundo tumekwisha. Mjomba wangu wa tawi la mashabiki anasema kapelekwa hospitali kwenu, kapigwa picha. Lakini ya wapi, na kaonekana na nini, hakuna anayejua."

Upande wa pili mwiko ukaacha kugonga sufuria.

"Upo?"

"Nipo," alisema Mgeni. "Kula, Kocha. Mguu wa mtu haurefuki wala haufupiki kwa sababu wewe una njaa."

Siku iliyofuata Kocha aliamua kumfuata kazini mchana bila kumwambia. Alivaa shati la bluu, akanunua matunda, akauliza mapokezi, akaelekezwa ndani. Mwishoni mwa ukumbi mrefu unaonuka dawa ya sakafu, mlango wenye taa nyekundu ulifunguka, akatoka Mgeni amevaa aproni nzito ya risasi ya kuzuia mionzi, nywele amezifunga nyuma, anamsaidia bibi mmoja kuketi kwenye kiti cha magurudumu. Alipomwona Kocha uso wake wote ukachanua.

"Kumbe upo eksirei," alisema Kocha. "Basi wewe ndiye uliyempiga picha Nyundo."

Uso ukajifunga. Alimfunika bibi magoti kwa shuka, taratibu, kisha akasema, "Habari za mchana na wewe."

"Samahani, habari. Niambie neno moja tu. Amevunjika au hajavunjika?"

"Sizungumzi habari za wagonjwa."

"Hata kwa kutikisa kichwa?"

"Kocha, nenda kazini."

Alikwenda. Matunda akayasahau juu ya benchi. Jioni alipita kwenye tawi la mashabiki, chumba kilicho nyuma ya duka la kinyozi, ambako mjomba wake alikuwa mwenyekiti. Watu walikuwa wamekaa kama msibani. Mjomba alimwuliza mbona kanuna, na Kocha, badala ya kumeza maneno, akasema.

"Nina rafiki yangu eksirei. Nimemwuliza, akakasirika. Nyundo angekuwa mzima, yeye angekasirika kwa nini?"

Hakusema zaidi ya hapo, na palitosha. Kulipokucha kila simu ilikuwa na habari kwamba mtu wa ndani ya chumba cha eksirei amethibitisha Nyundo amevunjika mguu na msimu wake umekwisha.

Mgeni aliitwa na mkuu wa idara kabla hajavaa aproni. Aliulizwa maswali, akajibu, akaambiwa arudi nyumbani akasubiri uamuzi. Njiani alimpigia Kocha.

"Nimerudishwa nyumbani kwa ajili ya Nyundo. Ulisema nini?"

"Sikusema umeniambia. Nilisema umekasirika, basi."

"Umefanya hasira yangu kuwa taarifa." Sauti yake ilikuwa shwari, na hilo ndilo lililomtisha Kocha. "Nilikuwa najiuliza kama unanipenda mimi au unapenda kuwa na mtu wa kuzungumza naye mpira. Sasa sijiulizi."

Akakata. Kocha akapiga tena na tena, simu ikaita bila kupokelewa. Siku hiyo alifungua friji ya mteja akasahau alikuwa anatafuta nini ndani yake. Kitu kilichomkaba hakikuwa Nyundo. Alikuwa akijaribu kukumbuka jambo moja ambalo Mgeni amewahi kumsimulia kuhusu kazi yake, akagundua hakuna, kwa kuwa hakuwahi kumwuliza.

Asubuhi iliyofuata alikwenda hospitali, akakaa nje ya ofisi ya mkuu wa idara mpaka akaruhusiwa kuingia. Mkuu alikuwa mama mwenye miwani, asiyependa maneno mengi.

"Yule binti hakuniambia kitu," alisema Kocha. "Nilimwomba, akanifukuza. Niliyoyasema tawini niliyatunga kichwani mwangu. Kama kuna mtu wa kuitwa, ni mimi."

"Na wewe ni nani kwake?"

"Kwa sasa, mama, sidhani kama ni mtu."

Jioni akasimama tawini, akawaeleza wote kwamba habari ile aliianzisha yeye kwa kubahatisha, akaomba waisahihishe kule walikoitawanya. Mjomba wake hakumtazama. Shabiki mwenzake aliyekuwa naye bega kwa bega kila mechi akamwambia atafute pa kukaa siku ya ufunguzi, maana basi la tawi halina nafasi ya mtu wa kuwaaibisha. Kocha akaitika, akatoka.

Mgeni alirudishwa kazini. Mkuu alimsimulia yaliyopita kwa kifupi, akamalizia, "Alivaa shati zuri. Alikaa mlangoni mpaka nikamwita." Mgeni akaingia kwenye chumba chake chenye taa nyekundu, akafunga mlango, akatabasamu bila kutaka.

Alimpigia siku ya mkesha wa ligi.

"Kocha."

"Mgeni." Akavuta pumzi. "Umekula?"

"Nimekula. Huna swali lingine?"

"Ninalo. Ile aproni ni nzito kiasi gani?"

Hakutarajia hilo. Akamweleza kwamba jioni mabega humwaka moto. Kocha akauliza kwa nini taa ni nyekundu. Akauliza kama huwa anaogopa anapoona kitu kibaya kwenye picha. Mgeni akamsimulia juu ya mtoto aliyemeza kifungo, na juu ya mzee aliyemwimbia akiwa amelala chini ya mashine. Walizungumza mpaka chakula kikaungua jikoni, na mguu wa Nyundo haukutajwa hata mara moja.

"Kesho njoo nyumbani," alisema mwishowe. "Baba anataka kumwona mtu aliyenichagulia jezi."

Sebule ya mzee ilikuwa ndogo, viti vimesogezwa mbele ya runinga, mzee mwenyewe amevaa jezi mpya juu ya shati la mikono mirefu. Mgeni alivaa gauni la kijani na hereni ndogo. Alikaa upande wa runinga, akimwelekea Kocha.

"Hutaki kuona?" Kocha akamwuliza.

"Naona."

Wachezaji wakaanza kutajwa. Kipa, mabeki, viungo. Kisha kamera ikamwonyesha mtu akiruka ruka kwenye nyasi kujipasha moto, mguu wa kulia ukiwa mzima kabisa. Nyundo. Mzee akajipiga gotini kwa kiganja. Kocha akabaki mdomo wazi, kisha akageuka polepole.

"Ulijua," alisema. "Muda wote ule ulijua ni mzima."

"Nilijua tangu picha ilipotoka. Ulivyosema hujala, nilitamani kukwambia mpaka nikauma ulimi." Macho yake yalikuwa yakicheka huku yana maji. "Kwa hiyo nimekuja kukaa huku. Nilitaka niuone uso wako ukipata habari."

Mpira ukaanza. Kocha hakugeuka. Alikiburuta kiti chake karibu, mgongo kwa runinga, mbele ya mzee aliyejifanya hasikii.

"Mgeni, nina swali moja, na hili siwezi kulitungia jibu kichwani. Utakubali nikuoe?"

Nyuma yake uwanja mzima ukalipuka. Mzee akasimama mikono juu, mtangazaji akavuta jina la Nyundo mpaka pumzi zikamwishia. Bao la kwanza la msimu, na Kocha hakuliona.

"Umelikosa," alisema Mgeni.

"Watalirudia. Nijibu kwanza."

Akamshika ile mikono iliyochubuka, akamwambia ndiyo kwa sauti ndogo, na kwa kelele za mzee ikabidi arudie.