Paswadi ya Nuhu

Anayetaka kucheka akacheke mbali nami. Dhadho ni rafiki yangu, na hana kipaji cha kutunga uongo.

Alasiri ile Garsen ilikuwa giza kwa mvua, na stima ilikuwa imepotea. Dhadho alikuwa dukani kwake akijaribu, kwa kompyuta ya betri, tovuti aliyoitengeneza ya kuwaonya watu wa kijiji cha Idsowe mto unapofurika. Kivinjari kikakataa kuifungua, kikidai cheti cha usalama hakitambuliki. Akaandika amri ya kukisajili cheti kwenye kompyuta ili kikubaliwe, nayo ikataka paswadi. Aliyeijua ni ndugu yake tu, Nuhu, mwenye kompyuta. Nuhu alichukuliwa na mafuriko mwaka jana.

Dhadho akabahatisha, ikakataa. Akabahatisha tena na tena, mwishowe akanipigia simu akifoka.

"Achana nayo, njoo ule," nikamwambia.

"Siachi! Huyu amekufa nayo!" Kisha nikamsikia akipiga meza. "Nuhu! Mimi nifanye nini sasa? Njoo uiandike mwenyewe basi!"

Akafunga duka kwa kufuli, akaja kwangu. Hata chai hakuimaliza.

Aliporudi, kufuli lilikuwa vilevile. Ndani alisikia maji yakidondoka, tone moja moja, na paa lake halivuji. Skrini ilikuwa inawaka: cheti kimesajiliwa. Akamulika kibodi kwa simu. Herufi chache tu zilikuwa zimepakwa tope bichi la mto.

Na kitufe cha Enta kilikuwa bado kimebonyezwa chini.