Ndege Tatu Hadi Naujaat

Novemba ile ukungu uliufunga uwanja wa ndege wa Yellowknife, kaskazini mwa Kanada, ukumbi ukafurika abiria na masanduku. Kiti pekee kilichobaki kilikuwa kando ya mwanamume aliyevimba shavu, koti lake likinuka dizeli. Sidonie, mkalimani wa mahakama, akakusanya pindo za koti lake jekundu la manyoya ya mbweha, akakaa.

“Nani kakupiga, kaka?”

“Daktari wa meno,” alijibu kwa nusu ya mdomo. “Na nikamwambia asante.”

Sidonie alicheka hadi watu wakageuka. Mwanamume jina lake Ovide, fundi wa jenereta huko Kugaaruk. Yeye Sidonie alikuwa wa Naujaat. Baina yao, kwa mstari ulionyooka, kilomita mia tatu tu; lakini ndege hazikuwa na njia hiyo. Mtu wa Kugaaruk alishuka kwanza Yellowknife, akavuka hadi Rankin Inlet, ndipo akapanda ya tatu.

Basi wakapendana kwa simu.

“Umekula nini, mpenzi?”

“Samaki mbichi wa barafu. Peke yangu.”

“Maskini! Huna wa kukupikia?”

“Ninaye. Yuko ndege tatu kutoka mezani.”

Ovide aliahidi kuja Pasaka. Jumatano kabla ya sikukuu, upepo ukivuma, alipiga.

“Sidonie, ndege sipandi tena.”

“Yaani huji?”

Simu ikakatika. Sidonie akapiga yeye, haikupatikana. Alhamisi kimya, Ijumaa kimya. Sidonie hakulia. Alilitoa koti la buluu alilomshonea Ovide miezi miwili, akamrushia mdogo wake, Zakarie.

“Vaa. Mwenyewe kafa.”

“Kafa lini?”

“Jumatano.”

Mchana wa Pasaka kijiji kizima kilikuwa kwenye barafu kikitazama mashindano ya kujenga nyumba za theluji. Pikipiki ya theluji ikaja kutoka magharibi, dereva mashavu yamebabuka kwa baridi. Alikuwa Ovide. Alimwona Sidonie akimkung'uta theluji mabegani kijana aliyevaa koti la buluu, koti alilosimuliwa kwenye simu mshono kwa mshono. Hakushuka. Akageuza.

“Dada,” alisema Zakarie, “marehemu wako anaondoka.”

Sidonie alikimbia.

“Ovide! Simama wewe!”

“Siku nne niko juu ya barafu! Nilikwambia ndege sipandi tena, nakuja mwenyewe. Kumbe koti limeshapata mtu.”

“Huyo mdogo wangu, punguani! Na hilo la kuja sikulisikia, simu ilikatika.”

Ovide akazima injini. Alishuka polepole, magoti yamekakamaa.

“Nimechoka kuzungushwa,” alisema. “Nataka kukuoa.”

“Mama yangu simwachi.”

“Nani kakwambia umwache? Hata Naujaat taa zinawashwa kwa jenereta.”

Sidonie alimtazama yale mashavu, akayafunika kwa viganja vyake.

Mei, barafu ikiwa bado ngumu, Ovide alihamia Naujaat, pikipiki ikiburuta sleji ya theluji yenye zana, godoro na sufuria moja. Mama mzazi wa Ovide alikataa kuondoka Kugaaruk. Siku ya harusi walimpigia simu.

“Mlishe,” mama alimwambia Sidonie. “Asipende vibichi tu.” Kisha akaongeza: “Nilikuwa na huyo mmoja tu.”

Sidonie alimpa mumewe simu. Ovide aliitika mara mbili, akaiweka chini, akatoka kwenda kuleta barafu ya kuyeyusha kwa chai, ingawa ndoo zote zilikuwa zimejaa.