Mtu wa Kwenye Duara la Taa

Kiza kilikuwa kimeanza kuingia, na Miwani akatunga uzi kwenye sindano bila kuwasha taa. Mkewe, fundi cherehani, alisita na kitambaa mkononi.

Miwani lilikuwa jina la utani. Mumewe alivaa vioo vinene tangu utotoni, na hata alipofanyiwa upasuaji wa macho kwa leza wiki iliyopita, mtaa mzima ulikataa kumvua jina. Mchana aliona vizuri. Taabu ilikuwa jioni, kila taa ilipoonekana kuzungukwa na duara la mwanga. Daktari aliwatoa wasiwasi: penye giza mboni zake hupanuka mno, zikapita sehemu iliyosawazishwa na leza, ndiyo maana mwanga unatawanyika. Akampa matone ya kuzibana. Miwani, mwanamume mzima anayeogopa sabuni machoni, aliyatupa kabatini.

"Jana sindano hukuiona," mkewe alisema, akijitia kukunja kitambaa. "Leo imekuwaje?"

"Nimezoea."

Basi. Hakujisifu hata kidogo, yeye ambaye angeweza kuwachosha majirani kwa jambo dogo kuliko hilo. Mkewe akawasha taa ya ukumbini.

Ndipo aliposikia harufu ya nywele zinazoungua. Miwani alikuwa amemsimulia harufu hiyo, ya chumba cha upasuaji. Alisema pia kwamba alipoambiwa aikazie macho taa nyekundu, sauti ilimwita kutoka ndani ya taa hiyo, naye akaitika. Siku ile walicheka mpaka machozi. Sasa kicheko kile kilimtia aibu.

"Unaisikia harufu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ni yule," mumewe alinong'ona. "Yumo kwenye duara la taa. Anataka kuingia machoni mwangu. Lete matone. Mboni zikibana, hapati njia."

Alikwenda kabatini, akarudi na kichupa, na kila alivyosogea harufu ilizidi, na kwenye balbu kukaanza mlio, tik, tik, tik, kama ukucha unaogonga kioo, huku mboni za mumewe zikitanuka chini ya mwanga mkali ambao ungepaswa kuzibana, zikatanuka mpaka weusi ukalimeza jicho zima, naye ameinua uso mwenyewe, kwa hiari, bila kupepesa hata mara moja.

"Tangu lini huogopi dawa ya macho?"

"Nitie tu."

Jibu hilo lilimtia shaka. Lakini mlio ulizidi kuwa wa haraka, na alimpenda mumewe kuliko alivyoiamini shaka yake. Asingekubali achukuliwe mbele ya macho yake. Akamtia matone jicho la kulia, kisha la kushoto.

Mboni zikasinyaa, zikawa ndogo kama punje za ulezi. Harufu ikakatika. Aliyekaa kwenye kiti akashusha pumzi ndefu, akatabasamu kwa meno yote, tabasamu ambalo mkewe hakuwahi kuliona katika miaka yote ya ndoa yao.

Ukucha ukagonga tena kwenye balbu, polepole, kwa uchovu. Kisha sauti ya Miwani ikalia kutoka ndani ya mwanga:

"Mke wangu, mbona umenifungia nje?"