Jina Ambalo Hensli Hakulisoma

Sokoni Vila, mji mkuu wa visiwa, siku ya Ijumaa mtu hasimami, anasukumwa tu. Ukikwepa mafungu ya magimbi utakanyaga vikapu vya nazi, na ukikwepa nazi utakumbana na mama aliyebeba sinia la moto la laplap, magimbi ya kuparuza yaliyookwa kwa tui, naye hana breki. Leisau alikuwa katikati ya zahama hiyo, kikapu mkononi, alipoisikia sauti nyuma ya shingo yake.

"Mami, nipe tuluk mbili, zile zilizojaa nyama ya nguruwe. Usinipunje kwa sababu umeniona mwembamba."

Leisau akaganda. Sauti ile nzito, ya taratibu, aliijua vizuri. Ndiyo iliyomsomea habari kila jioni miaka yote aliyokaa mjini. Aligeuka akitegemea kuona jibaba lenye kifua, akaona kijana mfupi, shingo nyembamba, shati la maua limempwaya, kandambili miguuni.

"Wewe ndiye Hensli Wogale wa redioni?"

"Ndiye."

"Muongo mkubwa!"

Kijana akakohoa kidogo. "Meli ya kwenda Tongoa imechelewa tena. Abiria mnaombwa mvumilie."

Leisau alicheka hadi kikapu kikamponyoka. "Sasa mwili wenyewe umeuacha wapi?"

"Redioni. Huku nimekuja na sauti tu." Akainama kumwokotea ndimu zake, na alipoinuka macho yake yakasimama kwenye gauni la Leisau, gauni la visiwani la manjano, lesi mikononi, utepe ukining'inia kila upande. "Na wewe jina lako nani, nilitangaze?"

Basi yakaanza hivyo, kwa ndimu na tuluk.

Leisau alikuwa muuzaji katika duka la dawa. Mama yake, Leipakoa, aliishi kisiwani Tongariki, na tangu kimbunga kiangushe mnara wa simu kule, njia ya kumpata ilikuwa redio. Unakwenda dirishani pale kituoni, unaandika maneno yako, na jioni yanasomwa, visiwa vyote vinasikia. Nani kajifungua, nani anaumwa, nani apokee gunia lake melini, vyote vinatangazwa na hakuna anayeona haya. Kila Ijumaa Leisau alimtumia mama yake salamu, na kila Ijumaa Hensli alizisoma. Baadaye simu ilikuwa inalia.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia. Ile 'mama yangu mpendwa' uliivuta hivyo kwa nini? Kama mtu analamba asali!"

"Sikuwa namwambia mama."

"Shika adabu yako, Wogale."

"Nimeishika, mpenzi. Lakini inaniteleza."

Mapenzi yakanoga. Halafu Hensli akaaga, akasema anakwenda Santo, mtambo wao wa kule una hitilafu. Alirudi kabambuka ngozi kwa jua, miundi imechanwachanwa na matumbawe. Leisau alimpaka dawa, akamwonea huruma. Mjinga wa watu!

Ijumaa hiyo aliketi karibu na redio kama kawaida. Hensli akasoma habari, akasoma jumbe kadhaa, kisha akasema, "Zinazofuata atawasomea mwenzangu Rojina." Kasauti kembamba ka Rojina kakasoma jumbe tatu: moja kwa katekista wa Ambrym, ya pili kwa Mama Rowena wa Motalava, ya tatu ya Leisau kwa mama yake. Kisha Hensli akarudi na michezo, sauti imetulia tuli.

Leisau hakungoja apigiwe. "Mbona ya kwangu kasoma Rojina?"

"Aa... koo lilinikereketa, mpenzi."

"Likakukereketa kwenye jumbe tatu tu, likapona kwenye kandanda?"

"Ni mambo ya kazi, Leisau. Usiyatilie maanani."

Aliyatilia. Ijumaa ya pili ikawa vilevile, katekista wa Ambrym, Mama Rowena wa Motalava, na ujumbe wake, zote kasoma Rojina. Mwanamke akiambiwa asitilie maanani mara mbili, hapo tena usingizi wake umekwisha. Alianza kumpeleleza hata anavyopumua kwenye simu.

Mafuta kwenye moto huo aliyamwaga Merina, mwenzake wa dukani.

"Shoga, mimi sipendi umbea, unanijua."

"Unaupenda."

"Haya, naupenda. Jumamosi nimemuona Hensli wako dukani kwa Mchina, ananunua kitambaa cha gauni la visiwani. Chekundu, maua meupe, na lesi yake." Leisau akaanza kutabasamu. "Usitabasamu bado! Kitambaa alichokata, tunaingia mimi na wewe na kinabaki cha pazia. Gauni hilo ni la mtu mwenye mwili wake."

Leisau, ambaye hata mkanda wa saa humpwaya, akalifuta tabasamu.

"Na hilo la redioni ndilo lililonimaliza," Merina akaendelea, akisogea karibu. "Mume wangu si mtu wa Motalava, kama huyo wako? Wale wakishaposa na kukubaliwa, jina la mama mkwe halitoki tena midomoni mwao. Mwiko! Wangu humwita mama yangu 'yule mzee'. Nimnyime chakula, nimnunie, hasemi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mwanaume wa Motalava akikwepa jina redioni, mwenye jina hilo ana binti. Na huyo binti ana mwenyewe."

Rowena wa Motalava. Jina lilimjia Leisau papo hapo. Mama yake yeye hata hakumpitia akilini. Hensli hajapata kukanyaga Tongariki, hilo alilijua kwa hakika, kama alivyojua kwamba mtambo wa Santo uliharibika.

Hata hivyo alikwenda dirishani kituoni, akamuuliza karani kijuujuu, "Mtambo wa Santo umepona?"

"Kwani ulikuwa unaumwa?" karani akashangaa.

Leisau alirudi dukani hata barabara haioni. Kumbe amechezewa shere! Alimpigia Hensli simu akiwa stoo, kati ya maboksi ya dawa ya kikohozi.

"Ulikwenda wapi?"

"Leisau, mpenzi..."

"Nimekuuliza ulikwenda wapi!"

Hensli akavuta pumzi. "Nivumilie mpaka meli ifike. Wazee wangu wako njiani. Wakifika utajua yote, mimi sina ruhusa ya kusema."

"Wazee wako waje kunibembeleza niwe mke mdogo?"

"Mke mdogo? Kwani nani—"

Akamkatia. Akaizima simu kabisa. Hensli alikuja dukani mara kwa mara, amenyongea, na kila mara Merina alimwambia kwa macho makavu kwamba Leisau ametoka, hali Leisau amejibanza nyuma ya kabati anauma leso. Alimpenda bado, na hilo ndilo lililomtia hasira zaidi.

Akakata kauli. Atarudi Tongariki, akapande viazi na mama yake, mji umemshinda. Lakini hataondoka kimyakimya. Alikuwa amesikia kwamba Rojina amekwenda Malekula kwenye harusi ya dada yake, kwa hiyo Ijumaa Hensli angekuwa peke yake. Na Ijumaa kipindi kile hupokewa pia na redio za jirani, Solomon na Fiji, maana watu wa visiwa wametapakaa kote huko. Tena pale kituoni sheria ni moja, ujumbe unasomwa kama ulivyoandikwa, na jina la mpokeaji ndilo la kwanza, la mtumaji la mwisho. Mtangazaji mmoja aliwahi kuruka jina, mgonjwa akakosa wa kumpokea gatini, na yule bwana akamwaga unga wake siku hiyohiyo.

"Ujumbe wangu ausome mwenyewe," Leisau alimwambia Merina, "kwa hiyo sauti yake anayoringia. Nchi tatu zimsikie."

Jioni ile redio iliwekwa juu ya kaunta. Duka lilikuwa na wateja, akiwemo mzee mmoja aliyefuata dawa ya baridi yabisi. Sanduku la Leisau lilikuwa limeshafungwa nyumbani. Hensli alisoma habari, akasoma jumbe za Tanna, za Ambae, za Epi. Kisha ikasikika karatasi inageuzwa.

"Kwa..." akasema.

Akanyamaza.

Redio ikinyamaza, watu hutazamana. Yule mzee akaipiga kofi akidhani betri zimekwisha. "Kwa Mama..." ikasema redio, ikanyamaza tena. Leisau alikuwa ameshika ukingo wa kaunta. Alitaka asome, na alitaka asisome, na hakujua kipi anakitaka zaidi.

"Kwa mama mzazi wa Leisau, kisiwani Tongariki," Hensli akasema hatimaye. "Wasikilizaji, hapa pameandikwa jina. Naliona. Ni jina zuri, na mimi siwezi kulitaja. Watu wa Motalava mnanielewa."

Boksi la vidonge likamdondoka Merina, vikatawanyika sakafuni.

"Ujumbe unasema: 'Mama, nipokee gatini Jumatano. Narudi nyumbani moja kwa moja. Yule mwanaume niliyekuambia ana mke kwao.' Mwisho wa ujumbe." Karatasi ikasikika inakunjwa. "Yule mwanaume ni mimi. Sina mke, wasikilizaji. Nina mama mkwe tu. Nilikwenda Tongariki, nikaketi kwenye mkeka wake, nikaomba. Akanikubali, akanikataza nisimwambie binti yake mpaka wazee wangu wafike waseme wenyewe. Wazee wamekwama Santo, injini ya meli imekufa. Mama, nisamehe, nimevunja ahadi. Leisau, nakuomba usipande meli. Na sasa tusikilize hali ya bahari."

Hakuna aliyesikiliza hali ya bahari. Leisau aliteleza akaketi juu ya boksi, mikono usoni, analia na kucheka kwa pamoja.

"Na kile kitambaa chekundu?" Merina akauliza kwa sauti ndogo.

"Cha mama yangu, Merina! Mama yangu hapiti mlango mmoja na mtu mwingine."

"Ewe Mungu wangu. Nami nikamwita mwenye mwili wake!"

"Binti," yule mzee akaingilia, dawa ameshaisahau, "meli unapanda au hupandi?"

Leisau alivua viatu, akavishika mkononi, akapandisha kilima cha kituoni mbio, utepe wa gauni unampiga mgongoni. Alimkuta Hensli ameketi kwenye ngazi, kichwa chini, shati limelowa jasho.

"Wamekufukuza?" akauliza akihema.

"Mkuu alitaka. Lakini simu zimemzidi. Honiara wanapiga, Suva wanapiga, wote wanauliza kama msichana amepanda meli. Amenipa onyo, amerudi kupokea simu." Akainua macho. "Umepanda?"

"Ningepanda ningekuwa hapa, mjinga wewe?" Akaketi kando yake. "Mbona hukunidokeza hata kidogo?"

"Nilimwahidi mama. Mara ya kwanza ananiagiza jambo, nishindwe?"

"Ukaona bora unidanganye Santo."

"Hapo nilikosea. Na zile jumbe nyingine mbili nilimpa Rojina ili ya mama isijitokeze. Nisamehe."

"Nami nimekutangaza nchi tatu kwamba una mke. Nisamehe na wewe." Akampiga kikumbo cha bega. "Sema jina la mama yangu."

"Thubutu!"

"Kidogo tu. Hakuna anayesikia."

"La kwako nitalisema mpaka uchoke. Leisau. Leisau. Leisau. Hilo lingine niachie."

Walirudiana, lakini roho ya Leisau haikutulia. Leipakoa hakuwa mwanamke wa kuvunjiwa ahadi mbele ya watu, na kule kisiwani hapakuwa na mtu asiyesikia. Posa ilikubaliwa na mama huyo, na mama huyo angeweza kuikataa. Wiki nzima Leisau alikuwa akimuuliza Merina, "Unadhani atasemaje?" na Merina, aliyeapa kutodhani tena maishani, akawa anahesabu vidonge tu.

Ijumaa ikafika. Duka lilijaa watu ambao hawakuwa wagonjwa. Yule mzee wa baridi yabisi alikuja na mkewe na mashemeji.

"Tunao ujumbe uliotumwa kwa redio ya upepo ya zahanati ya Tongariki," Hensli akasema redioni, na Leisau akamkaba Merina mkono. "'Kwa binti yangu Leisau, Vila. Nilikwenda gatini Jumatano, hukushuka. Vizuri. Kwa huyo anayesoma: nilikuomba ufunge mdomo siku chache tu ukashindwa. Nimekasirika. Gauni limenienea sawasawa. Walete wazee wako, nguruwe nimeshamfunga.'"

"Umesikia?" Merina akamnong'oneza Leisau, macho yamemjaa machozi. "Kasema 'huyo anayesoma'. Na yeye hakulitaja jina lake."

Leisau alikuwa amesikia. Mama yake hakuwa mtu wa Motalava, na mwiko ule haukuwa wa kwao. Ameuchukua kwa hiari yake, kwa ajili ya Hensli.

Redioni ilikuwa imebaki sehemu moja, ile ambayo sheria hairuhusu kuiruka.

"Ujumbe huu umetumwa na..." Hensli akaanza, kisha akanyamaza.

Duka zima likangoja. Leisau akafuta machozi kwa lesi ya mkono, akainamia redio kama vile ingemsikia.

"Leipakoa!" akaita kwa nguvu zake zote, na watu wote dukani wakaitikia pamoja naye, "Leipakoa!"