Pedali Tatu za Hyerang

Jumamosi ile soko la ala za muziki la Nakwon lilifurika watu, na katikati ya watu hao Nam Hyerang alivua viatu. Alibaki na soksi za njano chini ya sketi yake nyeusi ya kazini, akaweka mguu kwenye pedali ya piano ya umeme, akaikanyaga taratibu.

Muuzaji alikohoa. "Dada, humu hatuvui viatu."

"Piano nitaipigia kwangu. Kwangu naingia na viatu?"

Nyuma yake mtu alicheka. Alikuwa kijana mrefu mwenye koti la kijivu, miwani imejaa ukungu kwa kutoka kwenye baridi. "Mzee, hapo amekubana," alisema, kisha naye akainama kufungua kamba za viatu. Dole gumba la kushoto lilikuwa limetokeza kwenye tundu la soksi.

"Kaka, soksi yako inapitisha hewa vizuri."

"Nilijua nitakutana na mrembo, nikataka anionee huruma."

Jina lake Pyo Gitae, ndiyo kwanza anajifunza piano, na mkononi alishika pedali ndogo moja ya bei rahisi.

"Irudishe," Hyerang alimwambia. "Nyepesi hiyo. Ukiikanyaga inakimbilia chini ya kitanda, utaifukuza wimbo mzima." Yeye alitaka zile tatu zinazofungwa kwa skrubu kwenye stendi, zinazokubali hata kukanyagwa nusu, sauti ikafifia kidogo kidogo.

"Kwa mtu anayejifurahisha tu nyumbani, moja inatosha," muuzaji alisema.

"Nani kakwambia najifurahisha?"

Alikuwa na sababu ya kuwa mkali. Akiwa msichana wa shule alirudi nyumbani siku moja akakuta piano yake haipo. Majirani walikuwa wamelalamika, na mama yake akaona bora kuiuza kuliko kupata aibu. Hyerang aliapa kwamba akijitegemea, hakuna atakayemnyamazisha tena. Gitae hakuyajua hayo. Yeye alibeba boksi zito la pedali mpaka kwa Hyerang, ghorofa ya saba, na kufika pale moyo wake ulikuwa umeshazama penzini.

Basi simu za Gitae zikaanza, kila mchana wa kazi.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nashiba sauti yako."

"Utakonda, shauri yako!"

Jioni moja Gitae akiwa kwa Hyerang, mlinzi wa jengo alipiga simu ya ukutani. Bibi wa chini analalamika, alisema, kuna kishindo darini kwake kila siku.

"Mimi napiga na hedifoni!" Hyerang alishangaa. "Hata mbu hasikii!"

Muziki ulikuwa masikioni mwake peke yake, kweli. Ila mguu alikuwa ameusahau, na kila pedali iliposhuka, sakafu iliitika.

Kesho yake Gitae aliingia akitabasamu. "Yamekwisha. Nimempelekea bibi wa chini boksi la mapeasi, nimemwinamia mpaka kiuno, nikamwahidi pedali tunazirudisha dukani."

Wanaume, bwana! Hyerang alikuja juu. "Tunazirudisha? Wewe na nani?"

"Nilitaka kukuepusha na aibu, mpenzi."

"Mama naye alisema hivyo hivyo alipoiuza piano yangu nikiwa shuleni! Hakuniuliza, na wewe hukuniuliza!"

"Hyerang, sikujua..."

"Vaa viatu vyako, Gitae."

Alivaa, akaondoka. Hyerang alilia kwa hasira, akajifuta uso, kisha akateremka ngazi mwenyewe. Bibi wa chini, Bibi Ok, alifungua mlango akiwa na aproni, mikono myekundu kwa pilipili ya kimchi, ile kabichi ya kuchachusha.

"Bibi, mimi ndiye mguu wa juu. Samahani kwa usumbufu, lakini kupiga siachi."

"Nani kakwambia uache? Kijana wako alikimbia kabla sijafungua mdomo!" Bibi alizitazama soksi zake. "Kinachonitia wazimu ni kusikia mguu bila wimbo. Du, du, du! Utadhani mtu anakusimulia umbea kisha anaficha majina. Vua hayo madude ya masikioni, mwanangu. Saa za kupika nipo macho, nipigie."

Jioni iliyofuata Hyerang alichomoa hedifoni. Alipiga, na chumba kizima kikajaa muziki. Katikati ya wimbo simu iliita.

"Unataka nini, Gitae?"

"Niko hapa chini kwa Bibi Ok. Nimekuja kuitengua ile ahadi niliyoitoa kwa jina lako. Akanikalisha nisikilize. Nimekukosea sana."

"Mwambie asikatishe wimbo!" Bibi alifoka kwa nyuma.

"Gitae, nasema mara moja tu. Ukinitaka, unanitaka na pedali zote tatu. Siku nikiolewa, zinatangulia zenyewe kuingia nyumbani, mimi nafuata."

"Nitazibeba mimi. Sasa nakuuliza wewe mwenyewe: utaolewa na mimi?"

"Nitaolewa. Panda juu."

Alisikia lifti, kisha mlango, kisha viatu vikivuliwa. Gitae alisimama kizingitini na ile ile soksi yenye tundu. Hyerang hakuinuka. Aliongeza sauti, akakanyaga pedali, akauanza wimbo upya.