Hodi kwa Wenye Almasi

"Karibu," simu ilimwitikia Farida, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama.

Alikuwa kajilaza mkekani nyumbani kwao Pugu, saa za alasiri, anacheza gemu lake la kuchimba madini, mwanawe Nusaiba kalala ubavuni. Wiki mbili alitoboa miamba humo asione almasi hata moja. Mavyaa wake, Bi Somoe, hachimbi shimo uwani kabla ya kuwapigia hodi wenyeji wasioonekana. Farida akamwiga kwa mzaha: "Hodi wenyewe, naomba almasi." Bando lilikuwa limekwisha na alicheza peke yake. Nani angemwitikia?

Angeifunga simu pale pale. Lakini ukuta wa pango ukameguka, almasi zikajaa skrini. Tamaa mbele, mauti nyuma, na Farida aliona ya mbele tu. Alichimba hadi adhana ya magharibi.

Siku ya pili nyumba ikanuka udongo mbichi na udi. Siku ya tatu, mchana kweupe, chini ya sakafu kukaanza kugongwa: ko, ko, ko.

"Mama, unasikia?" Farida alinong'ona.

Bi Somoe aliuacha ufagio ukaanguka. "Umempigia nani hodi, mwanangu?"

"Ni gemu tu, mama. Mie nilikuwa natania."

"Na aliyekuitikia naye katania? Umeingia kwao, umechukua vyao. Sasa wanakuja kuchimba kwako. Rudisha vyote!"

Bi Somoe akafukiza ubani, akasoma Ayatul Kursiy kwa sauti ya chini. Farida akarudi pangoni mwa gemu, akaziweka almasi moja moja pale alipozitoa, na kila alipoweka moja kule kugonga kukapungua, kukawa kwa mbali, kukawa kama ukucha unaogusa saruji, mpaka alipoziba tundu la mwisho nyumba nzima ikanyamaza, hata kuku wa jirani wakanyamaza.

Farida alilia kwa furaha. Akamnyanyua Nusaiba, aliyekuwa kalala mkekani na hakushtuka muda wote wa kugongwa kule, akamkumbatia. Mtoto alikuwa mzito kuliko gunia la kokoto, na mwili umempoa.

"Mama," alisema, "hebu tega sikio hapa."

Bi Somoe akainama, akaweka sikio kifuani pa mjukuu wake. Mle ndani, taratibu, bila haraka yoyote, mtu alikuwa anachimba.